Mama Elizabeth Fry: mama wa watoto 11 aliyerudi gerezani



Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, Bwana wetu anataja watu sita ambao yeye mwenyewe anajificha ndani yao: mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa. Makanisa yetu ya mashariki yanawajua vizuri wale watano wa kwanza. Mara ngapi tumelaza wakimbizi ndani ya hekalu, tukagawana nao unga, maharagwe na nguo? Lakini huyu wa sita tunampita. Gereza linatutia hofu, na pia linatutia haya. Tunajiambia kwamba aliyemo mle ndani amejitakia, au kwamba kazi hiyo ni ya serikali.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kukumbuka maisha ya mama mmoja wa Uingereza, Elizabeth Fry, aliyelala katika Bwana mwaka wa 1845. Alikuwa mke, mama wa watoto 11 na nyanya wa wajukuu wengi. Hakuwa na cheo serikalini, wala hakuwa na ruhusa ya kupiga kura, maana wanawake wa wakati ule hawakupiga kura. Hata hivyo magereza ya Ulaya hayakubaki yalivyokuwa kabla yake. Ukitafuta siri ya kazi yake, utaikuta katika neno moja dogo: alirudi.

Binti wa nyumba ya matajiri

Elizabeth alizaliwa tarehe 21 mwezi wa tano mwaka wa 1780 katika mji wa Norwich. Baba yake, John Gurney, alikuwa mfanyabiashara wa sufu, na jamaa yake ilikuwa na benki. Nyumba yao kubwa, Earlham Hall, ilijaa watoto, farasi, muziki na wageni. Walikuwa waumini wa Kanisa la Marafiki, ambao watu wengi wanawaita Waquaker. Kwetu Kivu Kusini na kwa jirani zetu wa Burundi kanisa hilo liko pia, na linajulikana kwa kazi yake ya upatanisho.

Kati ya Marafiki wa Norwich walikuwako waliofuata desturi kwa ukali, wenye mavazi ya kawaida na maneno machache, na walikuwako wengine waliopenda mambo ya dunia kidogo. Jamaa ya Gurney ilikuwa upande huo wa pili. Mama yao, Catherine, ndiye aliyewafundisha watoto kusali na kuwajali maskini na wagonjwa. Lakini Elizabeth alipokuwa na miaka 12 tu, mama huyo akafariki na kuacha watoto wengi, wengine wakiwa bado wadogo sana.

Elizabeth hakuwa mtoto shujaa. Aliogopa giza, aliogopa bahari, aliugua mara kwa mara, na katika masomo hakuwa wa mbele. Tunayasema haya makusudi, kwa sababu tukisikia habari za watu wakubwa wa Mungu huwa tunadhani walizaliwa wakiwa jasiri. Yeye alizaliwa mwoga, na woga ulimfuata maisha yake yote.

Mwezi wa pili mwaka wa 1798, mhubiri kutoka Marekani, William Savery, alikuja Norwich. Elizabeth, akiwa na miaka 17, alikwenda ibadani akiwa amevaa viatu vya rangi ya zambarau vyenye kamba nyekundu. Maneno ya mhubiri yalimchoma moyo, akalia. Tangu siku ile akaanza kugeuka polepole. Aliacha mapambo, akavaa nguo za kawaida na kitambaa cheupe kichwani, kama Marafiki wa desturi ya kale. Lakini badiliko lake halikuishia kwenye nguo. Alikusanya watoto wa maskini nyumbani kwa baba yake na kuwafundisha kusoma. Walianza wachache, wakaongezeka hata kupita 70, ikabidi watumie chumba cha kufulia nguo.

Mke, mama na jirani

Mwaka wa 1800 aliolewa na Joseph Fry, mfanyabiashara wa London, naye Mrafiki. Mtoto wa kwanza alizaliwa mwaka wa 1801, na baada yake wakaja wengine kumi. Mama zetu wanajua bila kuelezwa maana ya hesabu hiyo: mimba, uchungu, kunyonyesha, homa za watoto, wageni mezani kila siku. Baada ya kuzaa mara nyingine aliingia katika huzuni nzito na udhaifu wa mwili uliodumu muda mrefu.

Mwaka wa 1809 walihamia Plashet, nje ya London wakati ule. Mle shambani aliwajua jirani zake mmoja mmoja. Alifungua shule ya wasichana. Wakati wa baridi alipika supu nyingi kwa ajili ya wenye njaa. Aliweka akiba ya dawa na nguo za kugawa, na alijifunza kuchanja watoto dhidi ya ndui, ugonjwa uliokuwa ukiua wengi, akazunguka vijijini kuchanja watoto wa maskini. Mwaka wa 1811 kanisa lake lilimtambua kuwa mhudumu wa Neno, maana kwa Marafiki mwanamke aliweza kuhubiri.

Kwa hiyo siku alipoitwa gerezani, Mungu hakumkuta amekaa bure. Alikuwa tayari amezoea kuingia katika nyumba zenye harufu mbaya.

Siku ya kwanza Newgate

Mwanzoni mwa mwaka wa 1813, Mrafiki mmoja mzaliwa wa Ufaransa, Stephen Grellet, alitembelea gereza la Newgate katikati ya London. Alichokiona upande wa wanawake kilimvunja moyo, akaenda moja kwa moja kwa Elizabeth kumwomba msaada. Aliomba jambo dogo: nguo za watoto wachanga waliozaliwa mle ndani. Elizabeth aliita wanawake wengine, wakaanza kushona. Kisha akaenda mwenyewe pamoja na rafiki yake Anna Buxton.

Walinzi waliwashauri wasiingie. Wao wenyewe waliogopa kuingia mle. Ndani walikuwamo wanawake karibu 300 pamoja na watoto wao, wamesongamana katika vyumba vichache. Waliohukumiwa kifo walichanganywa na wale ambao kesi zao zilikuwa bado kusikilizwa. Walilala sakafuni bila kitanda wala blanketi, walipika na kufua palepale walipolala. Pombe iliuzwa mle ndani. Wanawake walipigana, walitukana, walinyosha mikono kwenye vyuma kuomba fedha kwa wapita njia.

Elizabeth, yule mwoga, aliingia. Aliwavika watoto, akaleta majani makavu ya kulalia wagonjwa, akapiga magoti na kuomba pamoja nao. Alirudi mara chache siku zile, kisha akasimama.

Hapa wengi wanaosimulia habari zake hupita haraka, lakini sisi tungependa kukaa kidogo. Karibu miaka minne ilipita. Alikuwa na watoto 8 wakati ule, na mmoja alikuwa mchanga. Wengine wawili wakazaliwa. Mambo ya fedha ya mume wake yakawa magumu. Mwezi wa 11 mwaka wa 1815 binti yake mdogo, aliyeitwa Elizabeth kama yeye, akafariki kabla ya kutimiza miaka 5. Tukimtazama wakati ule tungesema kwamba habari ya gereza imekwisha: mama mwema alitoa nguo mara moja, akarudi kwake.

Kurudi

Mwishoni mwa mwaka wa 1816 alirudi Newgate. Safari hii hakuja kama mgeni wa siku moja, na hakuja na nguo tu. Alikuja kama mama aliyezika mtoto, akakaa kati ya mama wenzake. Alizungumza nao juu ya watoto wao. Aliwauliza kama wangependa watoto hao wapate shule, ili wasikue katika wizi na matusi. Wakakubali kwa machozi. Waliambiwa wachague mwalimu kutoka kati yao, wakamchagua kijana mmoja mfungwa, Mary Connor, aliyefungwa kwa kuiba saa. Wakuu wa gereza walidhani jambo hilo halitadumu hata juma moja, lakini walitoa chumba kimoja kilichokuwa wazi. Shule ikaanza. Mara wanawake wakubwa nao wakaja mlangoni, wakiomba kufundishwa kusoma na kushona.

Mwezi wa nne mwaka wa 1817 Elizabeth aliunda umoja wa wanawake 12, karibu wote Marafiki. Walipanga zamu ili pasiwe na siku ambayo wafungwa wanaachwa peke yao. Walitafuta msimamizi mwanamke wa kukaa mle gerezani na kumlipa. Kisha wakaandika kanuni: hakuna kuomba-omba, hakuna kamari, hakuna matusi, kila mmoja na kazi yake ya mikono, na kila siku Neno la Mungu lisomwe.

Lakini kanuni hizo hazikubandikwa ukutani kama amri. Wafungwa walikusanywa, kanuni ikasomwa moja baada ya nyingine, na wao wenyewe wakainua mikono kukubali. Viongozi wa vikundi vyao walitoka kati yao. Watu ambao sheria iliwahesabu kuwa si kitu, mama huyu aliwauliza wanaona namna gani. Sisi wachungaji tunaopenda kupanga kila jambo katika ofisi, kisha kulitangaza siku ya Jumapili, hapa tuna la kujifunza.

Wanawake wale walishona nguo, wakafuma soksi, wakaunga vipande vya vitambaa kuwa mablanketi. Kazi yao iliuzwa, nao walipata fedha kidogo. Baada ya miezi michache mkuu wa mji wa London alikuja kutazama. Alikuta watu wametulia, wanafanya kazi na kusikiliza Neno. Baraza la mji likazikubali kanuni zile kuwa za gereza, na likaanza kusaidia mshahara wa msimamizi.

Mikokoteni na meli

Wakati ule Uingereza iliwapeleka wafungwa wengi mbali sana, mpaka New South Wales huko Australia. Usiku wa kuamkia safari, wanawake waliotakiwa kuondoka walikuwa wakivunja madirisha na viti kwa hasira na hofu. Asubuhi walipakizwa katika mikokoteni iliyo wazi, wengine wamefungwa minyororo, na makundi ya watu barabarani waliwacheka na kuwatupia matope.

Mwaka wa 1818 Elizabeth aliomba wasafirishwe katika magari yaliyofungwa, akaahidi kwamba yeye na wenzake wangewasindikiza hadi bandarini. Ahadi hiyo aliitimiza. Kwa zaidi ya miaka 20, meli za wanawake wafungwa zilipoondoka, yeye au wenzake walikuwako. Kila mfungwa alipewa mfuko wenye Biblia, sindano, nyuzi, mkasi na vipande vya kitambaa. Vitu hivyo vilikuwa kazi ya mikono kwa miezi mingi ya baharini, na mwisho wa safari mwanamke alishuka akiwa na kitu cha kuuza au cha kujifunika. Mwaka wa 1841 wanawake wa meli iliyoitwa Rajah walishona blanketi kubwa la vipande vya vitambaa, na kazi hiyo inatunzwa hadi leo katika jumba la taifa la sanaa la Australia.

Mwaka ule wa 1818 Elizabeth aliitwa pia mbele ya kamati ya Bunge kueleza hali ya magereza, jambo ambalo wanawake wa wakati wake hawakulizoea kabisa. Alieleza aliyoyaona kwa macho yake: vyumba, chakula, mavazi, watoto. Mwaka wa 1823 sheria mpya iliagiza kwamba wafungwa wanawake wasimamiwe na wanawake.

Alikutana pia na milango iliyofungwa. Wakati ule makosa zaidi ya 200 yaliweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi, hata kutumia noti bandia. Alimwombea mfungwa mmoja, Harriet Skelton, kwa wakubwa wa serikali, hata kwa waziri mwenyewe, Lord Sidmouth. Waziri alikataa kwa hasira, na mwanamke yule akanyongwa. Elizabeth alirudi nyumbani ameumia, na baadhi ya wakubwa wakaanza kumtazama vibaya. Lakini juma lililofuata wafungwa waliobaki walikuwa bado wanamngoja, naye akaenda.

Majaribu ya nyumbani

Tusifiche kwamba wengi walimlaumu. Walisema mama mwenye watoto wengi namna hii afanye kazi ya nyumbani kwake. Ni kweli kwamba baadhi ya watoto wake walilelewa kwa muda na ndugu zake, na kwamba wengi wao walipokuwa wakubwa hawakubaki katika kanisa la mama yao. Jambo hilo lilimuumiza, na katika daftari alilolianza akiwa kijana aliandika mara nyingi juu ya huzuni hiyo. Hatuna haja ya kumfanya malaika. Mtumishi wa Mungu anaweza kuchoka, na watoto wake wanaweza kuhisi kwamba walikosa kitu. Wazee wa kanisa na wachungaji wanaosoma hapa wanajua tunasema nini.

Pigo kubwa lilikuja mwezi wa 11 mwaka wa 1828, benki ya mume wake ilipoanguka. Watu waliokuwa wameweka fedha zao waliumia. Kanisa la Marafiki lilimwondoa Joseph katika ushirika wake, maana kwao kushindwa kulipa madeni lilikuwa kosa zito. Jamaa ikaacha nyumba ya Plashet na kuhamia nyumba ndogo zaidi, ikiishi kwa msaada wa ndugu. Maneno yakaenea kwamba fedha za benki ziliishia katika kazi za huyu mama. Wale waliomsifu jana wakapita upande mwingine wa barabara.

Kwa kitambo aliona haya hata kutokea mbele za watu. Kisha akarudi tena. Sasa aliwatembelea wafungwa akiwa anajua aibu ni nini.

Nyanya mzee aliyeendelea kusafiri

Mwaka wa 1822 Elizabeth alizaa mtoto wake wa mwisho, na katika mwaka huo huo binti yake Rachel akampatia mjukuu wa kwanza. Basi akawa mama na koko kwa wakati mmoja, jambo ambalo katika nyumba zetu si geni. Wajukuu wakaongezeka, na nyumba yake ikawa mahali pa kukusanyika.

Uzee haukumfunga. Aliwapelekea vitabu walinzi wa pwani waliokaa upweke kando ya bahari, hadi vituo 500 hivi vikapata maktaba. Alisafiri Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi, Ujerumani na Denmark, akiingia magerezani na kuzungumza na wafalme. Hakupenda mpango mpya wa kuwafungia wafungwa peke yao, kila mtu katika chumba chake bila kuona mwenzake. Mwaka wa 1840 alianzisha London kazi ya kuwafundisha wauguzi wa kuwahudumia wagonjwa nyumbani. Mchungaji Theodor Fliedner wa Kaiserswerth, Ujerumani, aliyetiwa moyo na kazi ya Newgate, alikuwa ameanzisha nyumba ya mashemasi wanawake mwaka wa 1836. Hospitali nyingi za misheni duniani zilipata wauguzi kutoka njia hiyo. Na shemeji yake, Thomas Fowell Buxton, ndiye aliyeongoza Bungeni vita vya kufuta utumwa katika makoloni ya Uingereza mwaka wa 1833.

Mwaka wa 1844 mwanawe William na wajukuu wawili, mabinti wa William, walifariki kwa homa, mmoja baada ya mwingine. Mwili wa Elizabeth ulikuwa tayari umechoka. Tarehe 12 mwezi wa kumi mwaka wa 1845 alifariki huko Ramsgate, kando ya bahari ile aliyoiogopa utotoni, akazikwa Barking. Mabinti wake wawili, wale waliosemekana kwamba walikosa mama, ndio waliokusanya maandiko yake na kuandika maisha yake. Zaidi ya miaka 150 baadaye Uingereza iliweka sura yake kwenye noti ya pauni 5.

Sisi tunajifunza nini?

Ndugu, magereza yetu tunayajua. Mfungwa anakula anacholetewa na jamaa yake, na yule ambaye jamaa yake iko mbali, au imekimbia vita, anategemea huruma ya wengine. Wako wanaongoja hukumu kwa muda mrefu kuliko adhabu yenyewe. Wako mama wenye watoto wachanga. Na Wakristo wa Goma hawawezi kuwasahau wanawake waliokufa kwa moto katika gereza la Munzenze mwezi wa kwanza wa 2025, baada ya kutendewa unyama. Ni wangapi kati yetu tuliokuwa tunajua hata jina la mmoja wao?

Makanisa yetu huenda gerezani. Kwaya inakwenda siku ya Noeli na sabuni, mchele na chumvi, picha zinapigwa, tunamshukuru Mungu. Ni vizuri. Mama Elizabeth naye alianza hivyo mwaka wa 1813. Lakini gereza la Newgate halikubadilika mwaka ule. Lilianza kubadilika aliporudi, akapanga zamu na wenzake, akawauliza wafungwa wenyewe wanahitaji nini, akaweka sindano na kitabu mikononi mwao, akasema na wakubwa bila kuogopa, na akaendelea hata nyumba yake mwenyewe ilipoanguka.

Umoja wa wamama katika parokia zetu una nguvu hiyo leo. Wamama 12 wanatosha. Wachague siku moja ya juma, wagawane zamu, waombe ruhusa kwa mkuu wa gereza, waende na uzi na sindano, uji wa watoto na Biblia. Na mfungwa akitoka, kanisa limpe benchi la kukaa siku ya Jumapili, lisimnong'oneze. Waebrania sura ya 13 inatuagiza tuwakumbuke waliofungwa kana kwamba sisi wenyewe tumefungwa pamoja nao.

Tunawaombea mama na koko zetu wote wanaobeba jamaa na jirani kwa wakati mmoja, Bwana awatie nguvu. Na sisi tuliokwenda mara moja tukasimama, atupe moyo wa kurudi. Amina.